Kishikwambi na Mtoto wa Dunguni

Bonde la Kilombero huiwashia Tanzania taa. Pale Kidatu, mwendo mfupi kaskazini mwa kijiji cha Mang'ula, bwawa la TANESCO lilianza kufua umeme mwaka 1975, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 204. Kusini zaidi iko Kihansi, megawati 180. Maji ya mto Kilombero wenyewe huteremka hadi Rufiji, yakasaidia kusukuma mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Mang'ula nayo si mahali palipojificha. Reli ya TAZARA inapita hapo, barabara ya Kidatu hadi Ifakara imetiwa lami, watalii wanashuka kuelekea Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, na mawasiliano ya simu yapo kando ya barabara. Kwa hiyo anayesema kwamba mtoto wa hapa amebaki nyuma katika masomo ya kidijitali kwa kuwa teknolojia haijamfikia, anaeleza sehemu ndogo tu ya jambo. Teknolojia imefika. Ilipofika ilikuwa imeshashonwa kwa vipimo vya mtoto mwingine.

Huyo mtoto mwingine tunamjua kwa sifa zake, maana kila programu ya kufundishia inamdhania yeye. Ana kifaa chake mwenyewe. Ana bando lisilomuishia katikati ya somo. Analala nyumba moja Januari hadi Desemba. Anasoma Kiingereza bila kutafuta msaada, na akikwama yuko mtu mzima nyumbani mwenye muda na elimu ya kumwelekeza. Sauti yake, sura yake na uandishi wake vinafanana na vya watu ambao mashine ilifundishwa kwao. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kumbagua mtoto wa Kilombero. Ila katika kila uamuzi mdogo wa kubuni kifaa, alikuwa hayupo mezani. Upendeleo wa teknolojia ya elimu huzaliwa hapo, na ndiyo maana ni kosa kuutenganisha na suala la upatikanaji. Aliyekosa kifaa jana hana kumbukumbu zake ndani ya mitambo, na kwa kuwa hana kumbukumbu, kifaa cha kesho kinabuniwa bila yeye.

Tuanze na kalenda, kwa sababu bondeni mpunga ndio wenye kalenda. Familia nyingi zina nyumba karibu na barabara na mashamba mbali, chini bondeni, kwenye udongo unaoshika maji. Masika yakikolea, wazazi huhamia shambani kwa wiki kadhaa, wengine kwa miezi. Hulala dunguni au kibandani, wakipalilia, kisha wakiamia ndege punje zinapoanza kujaa, kisha wakivuna. Baadhi ya watoto huenda nao. Wengine hubaki kijijini na bibi, au na kaka na dada zao wakubwa ambao nao ni wanafunzi. Dunguni hakuna umeme. Simu iliyopo mara nyingi ni kitochi cha baba, na chaji yake inatunzwa kwa ajili ya kupokea habari za msiba na kuuliza bei ya mpunga. Mtoto wa dunguni anaweza kuwa ameandikishwa katika shule yenye kompyuta kumi, na bado kwa robo ya mwaka asiguse hata moja.

Machi 17, 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kidato cha sita walirudi darasani Juni 1, na shule nyingine zote zikafunguliwa Juni 29. Katikati hapo masomo yalipelekwa redioni, kwenye televisheni na mtandaoni. Kwa mtoto wa jijini, miezi hiyo ilikuwa ya kukaa nyumbani. Katika bonde la Kilombero, Machi hadi Juni ni palizi, ndege na mavuno. Mkono wa mtoto aliyefungiwa shule ulikuwa mkono wa ziada shambani, na mzazi hakuwa na sababu ya kuuacha. Waliotayarisha vipindi vile walifanya kazi njema kwa haraka kubwa, nami siwalaumu. Lakini ratiba ya kipindi cha hesabu saa nne asubuhi ilimtaka mtoto aliyekaa mbele ya runinga saa nne asubuhi, na saa hiyo mtoto wa mkulima alikuwa majini hadi magotini. Shule zilipofunguliwa, wote wakarudi kwenye mtaala uleule na mitihani ileile, kana kwamba wote walikuwa wanasoma nyumbani.

Sera ya elimu bila ada, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2016, iliondoa ada na michango ya lazima iliyokuwa ikiwafukuzia watoto nyumbani. Haikugusa gharama mpya ambayo wakati huo wachache waliifikiria: kifaa, bando na kuchaji. Gharama hiyo haiandikwi kwenye risiti ya shule, kwa hiyo hakuna mkutano wa wazazi unaoijadili. Mtoto wa mtumishi hupewa simu janja ya mama jioni akatafuta mitihani iliyopita na majibu yake. Mtoto wa kibarua wa miwa hana pa kuipata. Msichana aliyepanga chumba karibu na sekondari kwa sababu kwao ni mbali yuko pabaya zaidi: simu shuleni ni kosa la nidhamu, na simu mikononi mwa msichana anayeishi peke yake huzua maswali ambayo mvulana haulizwi. Kwa hiyo huachana nayo. Hasara yake haionekani popote, kwa sababu hakuna anayeandika orodha ya masomo ambayo mtu hakuyapata.

Ndani ya shule hali ina sura nyingine. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vilianza kugawiwa walimu nchi nzima. Ulikuwa uamuzi wa maana: fedha ya umma ilitumika mara mbili, na mwalimu wa kijijini alipata kifaa ambacho mshahara wake usingemnunulia kirahisi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote nao umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za umma. Lakini kishikwambi kimoja mkononi mwa mwalimu mbele ya wanafunzi sabini kinamsaidia mwalimu kuandaa somo, na hilo ni jambo jema linalotosha kusemwa hivyo. Tusiliite upatikanaji kwa wanafunzi. Takwimu za vifaa vilivyogawiwa huhesabu kilichotoka ghalani, wakati kinachotakiwa ni dakika ambazo mtoto mmoja amekishika na kukitumia kujifunza.

Kisha kuna suala la ufundi, na Mang'ula inalijua kuliko vijiji vingi vya Tanzania. Reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya 1970 na 1975, hapa palikuwa na kambi kubwa na karakana za mafundi wa Kichina na wa Kitanzania. Baadaye pakawa na kiwanda cha zana na mashine, mahali ambapo kipuri kingeweza kuchongwa badala ya kuagizwa. Kiwanda kikabinafsishwa, kikasimama. Wazee wa hapa hawahitaji kuelezwa tofauti ya mashine yenye fundi na mashine isiyo na fundi. Kompyuta ya shule iliyoharibika ubao mama au betri inasubiri fundi kutoka Ifakara au Morogoro, na bajeti ya kumlipa haimo katika mradi ulioileta. Kenya ilipeleka vishikwambi na kompyuta ndogo zaidi ya milioni moja katika shule za msingi kuanzia mwaka 2016, mradi mkubwa kuliko wowote wa aina hiyo katika kanda yetu, na huko pia matengenezo na maandalizi ya walimu vilikuwa mbali nyuma ya ununuzi. Kununua kuna siku yake ya kukata utepe. Kutengeneza hakuna.

Lugha ndiyo inayoamua zaidi ya umeme. Mtoto wa shule ya umma husoma msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza fizikia na biolojia vinageuka Kiingereza. Mtandao ungeweza kuwa daraja la kumvusha, lakini umejengwa upande mmoja. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilionyesha kwamba asilimia 92 ya nyenzo katika mojawapo ya maktaba kubwa za wazi duniani, OER Commons, ziko kwa Kiingereza, na kwamba karibu asilimia 90 ya maudhui ya hazina za wazi za elimu ya juu yametengenezwa Ulaya na Amerika Kaskazini. Nyenzo hizo ni za bure. Bure hiyo humfaa zaidi aliyesoma shule ya Kiingereza tangu chekechea, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye bando pia. Kitu cha bure kinachomfikia mwenye nacho kwanza huongeza pengo, hata kama aliyekitoa alikuwa na nia safi kabisa.

Tanzania imeonyesha kwamba inawezekana kufanya vinginevyo. Ubongo Kids ilipoanza kurushwa mwaka 2014, ilipeleka hesabu na sayansi kwa Kiswahili kwenye televisheni, chombo ambacho watu wengi hukitazama pamoja sebuleni au kwa jirani. Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu mwaka 2013, iliweka masomo ya sekondari ya mtaala wetu mtandaoni, na ikatafuta pia njia ya ujumbe mfupi wa simu. Chaguo la ujumbe mfupi ni la kuheshimiwa sana. Linamkubali mwenye kitochi kama alivyo.

Mfano mkubwa zaidi ulitoka Tanga. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi ya dola milioni 15, programu tano zilizofika fainali ziliwekwa kwenye vishikwambi na kupelekwa kwa watoto karibu 2,700 katika vijiji vipatavyo 170, kwa ushirikiano wa Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vilifundisha kwa Kiswahili, havikuhitaji intaneti, na vilichajiwa kwa nguvu ya jua. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi kuu. Matokeo hayo yana pande mbili na zote zinastahili kusemwa. Kifaa kilichobuniwa kwa mtoto wa kijijini kilimfaa mtoto wa kijijini. Na watoto wengi walikuwa na kishikwambi mkononi kwa zaidi ya mwaka mzima na bado hawakuweza kusoma neno. Hao ndio wangestahili kufuatwa nyumba kwa nyumba kuulizwa kilichotokea.

Sasa imeingia akili unde, na upendeleo uliokuwa wa kimya umeanza kutoa hukumu. Mashine inayomsikiliza mtoto akisoma kwa sauti imefunzwa kwa sauti zilizorekodiwa, na ili kuchangia sauti mtu anahitaji simu janja, intaneti na muda. Mtoto wa Kipogoro au Kindamba aliyejifunza Kiswahili shuleni anaweza kusoma sawasawa na kuambiwa amekosea. Mitambo mingi ya lugha hukata neno la Kiswahili vipande vingi kuliko la Kiingereza, na huduma za kulipia hutozwa kwa vipande, kwa hiyo swali lilelile huwa ghali kwa lugha yetu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima programu saba za kutambua maandishi ya mashine. Insha zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwa mkono wao wenyewe, zilidhaniwa za mashine kwa wastani wa asilimia 61. Mwanafunzi wetu wa chuo kikuu anayeandika Kiingereza sahihi cha shule, chenye msamiati mdogo na sentensi zilizonyooka, ndiye hasa atakayeshukiwa wizi. Kuhusu sura, utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa 2018 ulikuta mifumo ya kutambua jinsia kwa uso ikikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi na chini ya asilimia moja kwa wanaume weupe. Teknolojia ya aina hiyo ndiyo inayotumika kusimamia mitihani ya mbali.

Lakini onyo kubwa zaidi kwa shule kama za Mang'ula ni la Uingereza, Agosti 2020. Mitihani ilifutwa kwa ajili ya korona, na mamlaka ya mitihani, Ofqual, ikatumia kanuni ya kompyuta kukadiria alama za mitihani ya kumaliza sekondari. Kanuni ilizingatia historia ya matokeo ya shule. Karibu asilimia 40 ya alama zilishushwa chini ya makadirio ya walimu, na mwanafunzi hodari katika shule yenye historia dhaifu aliburuzwa na waliomtangulia. Wanafunzi wakaandamana, na Agosti 17 mpango ukaachwa. Tafakari kanuni hiyo ikiletwa hapa. Sekondari ya kata iliyofunguliwa juzi, isiyo na maabara kamili, yenye walimu wachache wa hesabu, ina historia gani ya kumwombea mwanafunzi wake? Wale waliandamana kwa sababu walijua kilichowapunguzia alama. Mfumo ukiwa umefichwa, mtoto huamini kwamba ni yeye.

Tusiende mbali. Mlango wa kidijitali unaoamua maisha ya kijana wa Mang'ula leo uko stesheneri, dukani pale penye kompyuta, printa na skana. Mhitimu wa kidato cha nne anayetaka kubadilisha tahasusi au chuo huingia mfumo wa TAMISEMI. Anayetaka mkopo wa chuo kikuu huingia mfumo wa Bodi ya Mikopo, akiwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, fomu iliyosainiwa na serikali ya kijiji au mtaa na kuthibitishwa kisheria, kisha vyote viskaniwe na kupakiwa kabla dirisha halijafungwa. Kijana wa mjini hufanya hivyo nyumbani, akirudia anapokosea. Wa kijijini hulipa nauli, hulipa mwenye duka, na mara nyingi mwenye duka ndiye anayejaza, anayetunga nywila na anayeweka barua pepe ambayo mwombaji hataikumbuka. Kosa la herufi moja katika jina linaweza kumnyima mkopo mtoto ambaye umaskini wake ndio sababu ya mkopo kuwapo. Wenye stesheneri hawa ni watu wa msaada mkubwa, na bila wao wengi wasingefika chuo. Ila tumeiachia biashara ya mtaani kazi ambayo ni ya shule. Kama kila sekondari ingetenga siku chache kabla wanafunzi hawajatawanyika, ikawafungulia akaunti, ikawafundisha kutunza nywila na kupakia nyaraka, ingewasaidia maskini kuliko vishikwambi vingi.

Najua jibu la wenye haraka: tupeleke kwanza, tutarekebisha baadaye. Bonde hili lina hoja ya kuwajibu. Kuanzia mwaka 1996, watafiti wa kituo cha Ifakara, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, waliandikisha kaya za Kilombero na Ulanga na kuzifuatilia, nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Kisha vyandarua vyenye dawa vikauzwa kwa bei nafuu kwa jina la Zuia Mbu, katika mradi wa KINET. Hawakuishia kuhesabu vyandarua vilivyouzwa. Walipima kama watoto wanapona, wakakuta matumizi yake yakiambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Waliuliza pia kaya maskini kabisa zimepata au zimeachwa, na wakatoa jibu waziwazi: pengo limepungua, halijakwisha. Maarifa ya mradi huo yakachangia mpango wa taifa wa Hati Punguzo, ulioanza mwaka 2004, uliomwezesha mama mjamzito kupata chandarua kwa nafuu.

Linganisha na teknolojia ya elimu. Ripoti ileile ya UNESCO ilieleza kwamba huko Uingereza, nchi yenye soko kubwa la bidhaa hizi, ni asilimia 7 tu ya kampuni zilizokuwa zimefanya majaribio ya kulinganisha makundi yaliyopangwa kwa bahati nasibu. Chandarua kilipimwa hadi dunguni, programu ya kusomea inaaminiwa kwa tangazo lake. Kampuni huonyesha idadi ya waliojisajili na saa walizotumia, na idadi hiyo kwa asili yake inawahesabu walioweza kuingia. Mtoto aliye shambani haonekani humo hata miongoni mwa waliofeli. Anaonekana mahali pamoja tu, katika daftari la mahudhurio la mwalimu wa darasa, kwa alama ya utoro iliyojirudia Aprili nzima. Daftari hilo ndilo lingepaswa kuwekwa mezani kando ya takwimu za kampuni.

Nawaomba madiwani, maofisa elimu na wazazi wa kamati za shule katika bonde hili wasipokee mradi wa teknolojia bila kuuliza mambo yatakayompima mtoto wa mwisho. Unafundisha bila bando? Unafundisha kwa Kiswahili pale mtoto anapokwama? Fundi wake anakaa wapi, na nani anamlipa mwaka wa tatu? Matokeo ya watoto wa familia za mashamba ya mbali yatatolewa peke yake, au yatafichwa ndani ya wastani wa shule? Na jaribio lifanyike Aprili, mvua ikinyesha na wazazi wakiwa shambani. Mradi usioweza kujibu maswali hayo usinunuliwe kwa fedha za umma.